Hivi waandishi wa riwaya enzi za Malkia Victoria walikuwa wanawachukia wachumi au walikuwa hawawaelewi tu?

Mhasibu Mstaafu Kijana

Wakuu habari za jioni. Mimi kitaaluma ni mhasibu, fasihi niliachana nayo form four na sikuwahi kuikumbuka, ila mwaka huu nimejikuta kwenye kundi la kusoma vitabu (mke wangu ndo aliniingiza kwa nguvu) na zamu hii tumepangiwa Hard Times ya Charles Dickens, kitabu cha mwaka 1854. Sasa nimefika katikati na kuna kitu kinanisumbua. Humo ndani kuna mzee anaitwa Gradgrind, yeye maisha yake ni takwimu tu, mtoto akiwaza kitu kisicho na ushahidi anaonekana kapotea, na watoto wake wawili wa kiume kawaita Adam Smith na Malthus. Nilicheka mpaka watu wa daladala wakanigeukia, maana Adam Smith ndo yule tuliyefundishwa chuo kwa heshima zote, kumbe kuna mtu kamfanya kichekesho.

Nikamweleza jamaa yangu mmoja anayefundisha uchumi, akasema achana na hao, waandishi wa riwaya wa enzi zile uchumi walikuwa hawaujui kabisa, kazi yao ilikuwa kulialia wakati wachumi wanatafuta majibu. Mke wangu naye anasema wachumi ndo walioleta zile nyumba za kuwafungia maskini. Nimekaa katikati yao sina hoja hata moja. Wajuzi nipeni shule, nani kati yao yuko sahihi?

Kambi Popote

Naweka kambi hapa. Wajuzi wanakuja.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, mke wako yuko karibu na ukweli kuliko rafiki yako, ila naye asishangilie mapema.

Iko hivi. Mwaka 1834 Uingereza walibadilisha sheria ya maskini. Kabla ya hapo parokia ilikuwa inamsaidia mtu akiwa kwake, mkate kidogo, hela kidogo, maisha yanasogea. Sheria mpya ikataka anayeomba msaada aingie kwenye nyumba maalumu ya maskini, mume anawekwa upande wake, mke upande wake, watoto kwingine, na ilikusudiwa kabisa humo ndani pawe pabaya kuliko maisha ya kibarua wa mwisho huko nje ili mtu asiende kama hajashindwa kabisa. Ripoti iliyozaa sheria hiyo mmoja wa walioiandika ni Nassau Senior, mchumi. Na nyuma ya fikra zote kulikuwa na Malthus, mchungaji wa Anglikana, aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu wanaongezeka haraka kuliko chakula, kwa hiyo ukimpa maskini msaada umeongeza midomo tu.

Sasa mchukue Dickens. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa madeni na yeye akiwa na miaka 12 alikuwa kwenye kiwanda cha rangi ya viatu anabandika lebo kwenye vikopo, mshahara shilingi sita kwa wiki (shilingi hizo hizo ambazo jina lake tumelirithi mpaka leo). Mtu wa namna hiyo umwambie maskini wamezidi idadi! Ndo maana mwaka 1843 akamwandika Scrooge, yule bahili wa A Christmas Carol, watu wanamwomba mchango wa Krismasi anawauliza kwani magereza yamefungwa? Nyumba za maskini hazipo? Wakimwambia wengine ni bora wafe kuliko kwenda huko anajibu basi wafe, wapunguze watu waliozidi. Hayo maneno ya watu waliozidi siyo ya kubuni, yalikuwa yanazungumzwa na watu wenye suti.

Ila kwenye Hard Times nenda kitabu cha kwanza sura ya 9, kama umeshapita rudi. Yule binti wa sarakasi, Sissy, anamsimulia Louisa, binti wa Gradgrind, maswali aliyokosea darasani. Mwalimu kamwambia hili darasa ni taifa, lina pauni milioni 50, je si taifa lenye neema? Sissy akajibu siwezi kujua mpaka nijue hela anazo nani, na kama kuna yangu humo. Kakosea. Akaambiwa tena mji una watu milioni moja, kwa mwaka wanaokufa njaa barabarani ni 25 tu, unasemaje kuhusu uwiano huo? Akasema kwa hao wanaokufa naona maumivu ni yale yale, hata wengine wawe milioni au milioni mara milioni. Kakosea tena. Mimi nafundisha, na kila mwaka darasani wakifika hapo kuna mtoto lazima aseme "lakini mwalimu, mbona amepata?"

Mchumi Mkaidi

Mwalimu umefundisha vizuri ila upande mmoja umeuficha, naomba niufunue.

Kwanza Adam Smith. Kabla ya kile kitabu cha utajiri wa mataifa cha 1776 alishaandika kingine mwaka 1759 na kinaanza na huruma, yaani jinsi mtu anavyoumia akimwona mwenzake anaumia, na kazi yake pale Glasgow ilikuwa kufundisha falsafa ya maadili. Gradgrind siyo Adam Smith, ni kikaragosi cha Adam Smith. Ukikitumia kikaragosi kumhukumu mtu mwenyewe hapo umemwonea.

Pili, na hapa ndo naomba watu wa fasihi wakae chini. Mmesikia uchumi unaitwa sayansi ya huzuni, kila mtu anadhani ni kwa sababu ya Malthus na njaa zake. Hapana. Jina hilo alilitoa mwandishi Thomas Carlyle mwaka 1849 kwenye insha kuhusu watu weusi wa West Indies, yaani visiwa vya Karibi. Utumwa ulikuwa umeshafutwa, walioachiwa huru hawataki kurudi kwenye mashamba ya miwa kwa ujira mdogo, wanalima vyakula vyao, Carlyle anakasirika anataka walazimishwe kazi, ikibidi kwa kiboko. Wachumi wao wanasema mtu ni mtu, hakuna aliyezaliwa bwana na mwingine mtumwa, mambo ya kazi yaachiwe soko na makubaliano. Hiyo ndo huzuni aliyokuwa anailalamikia! Mchumi John Stuart Mill akamjibu mwaka uliofuata kwenye jarida lile lile. Sasa fungua ukurasa wa mwanzo wa hiyo Hard Times yako mkuu uangalie kitabu kimetunukiwa nani. Thomas Carlyle.

Na haikuishia hapo. Oktoba 1865 watu waliandamana Morant Bay kule Jamaica, gavana Eyre akajibu kwa kuua watu zaidi ya 400. Mill akasimama kwenye kamati ya kutaka gavana ashtakiwe, pamoja na Charles Darwin. Upande wa kumtetea gavana unawajua? Carlyle, mwandishi John Ruskin, mshairi Tennyson na huyo huyo Dickens anayemlilia mtoto wa sarakasi. Kwa hiyo mkituambia wachumi hawana moyo mjue moyo wa hao wengine nao ulikuwa na mipaka, na mpaka wenyewe ulikuwa rangi.

Kambi Popote

Aisee. Hii kamba imekatika upande ambao sikutegemea.

Mwalimu wa Zamu

Mchumi hapo umenikamata, sibishi. La kutunukiwa Carlyle nalijua na huwa nalipita haraka haraka darasani, nakiri.

Ila kwa kuwa umemtaja Mill nikuongezee ya kwako mwenyewe. Baba yake James Mill alimlea kwa mtindo wa Gradgrind kabisa, Kigiriki kaanza na miaka mitatu, hakuna michezo na watoto wengine, hakuna likizo. Alipofika miaka 20 akili ikagoma, akaingia kwenye giza hajui hata anaishi kwa ajili ya nini. Na kwenye maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, yaliyotoka 1873, anasema kilichomsaidia kunyanyuka ni kusoma mashairi ya Wordsworth. Yaani mchumi mkubwa kuliko wote wa kizazi chake aliokolewa na mashairi. Kwa hiyo huyo Louisa wa kwenye riwaya siyo wa kufikirika sana, tulikuwa naye mmoja wa kiume na aliandika kitabu cha uchumi mwaka 1848.

Mhasibu Mstaafu Kijana

Mmenivuruga vizuri sana. Mwanzo nilidhani ni timu mbili kama Simba na Yanga kumbe wachezaji wanahama. Swali la nyongeza: hao waandishi walikuwa wanaandika kuhusu viwanda na maskini tu au na mambo ya hela zenyewe, mabenki, hisa na vitu kama hivyo? Nauliza kwa sababu hapo ndo nyumbani kwangu.

Mama Hazina

Kaka mhasibu, hapa umenigusa, ngoja nami nitie neno ingawa siyo msomi kama hao. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa mwaka wa saba sasa na riwaya ya Kiingereza niliyoipenda kuliko zote ni ndogo tu inaitwa Cranford, ya Elizabeth Gaskell, ilitoka kama kitabu mwaka 1853.

Kuna bibi mmoja hajaolewa, Miss Matty Jenkyns, hela yake yote iko kwenye hisa za benki moja. Siku hiyo yuko dukani anachagua kitambaa, mkulima mmoja anataka kumnunulia mke wake shali, anatoa noti ya pauni tano ya ile benki, mwenye duka anaikataa kasikia benki inayumba. (Wakati ule benki za mikoani zilikuwa zinatoa noti zao zenyewe, noti ni ahadi ya benki, benki ikifa ahadi imekufa.) Huyu bibi anamwita yule mkulima anampa sarafu za dhahabu tano kutoka mkobani mwake anachukua ile noti ambayo thamani yake ni karatasi ya kuwashia moto. Kwa nini? Anasema mimi nina hisa kwenye hiyo benki, sasa watu wa kawaida wakipoteza kwa sababu yetu nitalalaje. Benki inakufa kweli, anabaki maskini, marafiki wanamfungulia kibiashara cha majani ya chai sebuleni. Na kabla hajaanza anakwenda kwa yule mwenye duka kumuuliza je nikiuza chai nitakuharibia biashara? Mchumi atasema huyu hafai kabisa. Lakini yule mwenye duka ndo akawa anamtumia wateja anawaambia kwangu ni chai ya kawaida, nzuri nendeni kwa Miss Jenkyns. Nilipofika hapo nililia, na mimi kwenye hela huwa silii.

Sasa upande wa pili kuna Merdle, kwenye Little Dorrit ya Dickens, 1855 mpaka 1857. Tajiri wa matajiri, hakuna anayejua biashara yake ni ipi hasa, mabwana wakubwa, maaskofu, mpaka watu wa mtaani wenye akiba ndogo wote wanataka kuwa ndani. Jioni moja anakwenda kumwazima kisu kidogo mke wa mtoto wake wa kambo, anaahidi hatakichafua kwa wino, anakwenda kujikata mishipa bafuni. Asubuhi hakuna hela, haikuwahi kuwepo. Na Dickens hakuitoa hewani, Februari 1856 kulikuwa na mbunge na mtu wa mabenki anaitwa John Sadleir, aliikausha benki ya Tipperary kule Ireland kisha akanywa sumu Hampstead Heath.

Mimi miaka fulani niliingia kwenye mchezo mmoja wa kupanda na kuvuna, mnaujua wenyewe, nikapanda laki tatu. Sijavuna mpaka leo. Kwa hiyo nilipomsoma Merdle sikuhitaji mwalimu wa kunieleza.

Mchumi Mkaidi

Mama Hazina heshima yako, umeeleza vizuri kuliko vitabu vyangu. Niongeze kidogo tu ya kisheria kwa sababu ndo inayofanya yule bibi asiwe mjinga. Enzi zile ukiwa na hisa kwenye kampuni ya kawaida deni la kampuni ni deni lako, wanaweza kuja kuchukua mpaka kitanda. Sheria ya kumlinda mwenye hisa asidaiwe zaidi ya alichoweka ilipita mwaka 1855, na benki zilichelewa kuingizwa. Mwaka 1878 City of Glasgow Bank ilipoanguka wenye hisa walifuatwa na madeni ya benki mpaka wengi wakafilisika kabisa, wakiwemo wajane na mabinti wasioolewa waliokuwa wanaishi kwa gawio. Kwa hiyo Gaskell alikuwa anaelewa uchumi vizuri tu. Kwenye hili nimrekebishe rafiki wa mleta uzi.

Ila sheria ile ya 1855 nayo ilileta ya kwake, sasa mtu anaweza kuunda kampuni ya karatasi, ikifa yeye anakung'uta suruali anaondoka. Ndo huyo Melmotte wa Anthony Trollope, The Way We Live Now, 1875, anauza hisa za reli ya kwenda Mexico na hakuna mtu anayeuliza kama reli inajengwa.

Simulizi Tamu

Jamani mmemtaja Trollope naomba niingie hapo maana ndo mtu wangu. Mimi naandika simulizi za kwenye simu, zile za kila siku kipande, mnazijua, ukifika patamu naandika "itaendelea", mwenye haraka anatuma buku anapata vipande vyote kwenye WhatsApp. Watu wananiona mhuni. Basi nikaja kugundua Dickens alikuwa anafanya hivyo hivyo, riwaya yake ya Pickwick ilianza mwaka 1836 kwa vipande vya kila mwezi, kipande shilingi moja, ndani kuna kurasa za matangazo ya biashara, mwishoni vinauzwa karibu nakala 40,000. Hiyo Hard Times yenyewe ilitoka kwa wiki kwenye gazeti lake.

Kwa nini vipande? Kwa sababu riwaya nzima ilikuwa inatoka juzuu tatu kwa shilingi 31 na senti zake sita za kwao, nani ataimudu? Wenye nafasi walikuwa wanaazima maktaba ya Mudie, unalipa kwa mwaka, na Mudie alipenda hizo juzuu tatu kwa sababu kitabu kimoja wanasoma wateja watatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukiona riwaya ya enzi zile ni ndefu katikati inazungukazunguka usidhani ni ufundi peke yake, kuna juzuu ya pili inatakiwa ijazwe. Hii mimi naielewa kabisa, siku data ya wasomaji ikiisha na mimi nazungusha.

Trollope alikuwa mfanyakazi wa posta, anaamka alfajiri, anaweka saa mezani, maneno 250 kila robo saa, halafu anakwenda kazini. Kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 1883 akiwa ameshafariki akaorodhesha kitabu kwa kitabu alicholipwa, jumla pauni 68,939 shilingi 17 na peni 5. Mpaka peni! Mhasibu huyo ni ndugu yako. Wasomaji wakachukia, heshima yake ikashuka, walitaka kuamini mwandishi anaandika kwa roho siyo kwa saa.

Na Dickens huyo mwenye Scrooge, kile kitabu nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya Krismasi, alitegemea pauni 1,000, akapata kama 230 kwa sababu alitaka jalada zuri na michoro ya rangi lakini bei ibaki shilingi tano. Halafu akawashtaki walioiba hadithi wakachapa ya kwao, akashinda kesi, wao wakajitangaza wamefilisika, gharama za mahakama zikambakia yeye. Mtu kaandika kitabu cha kumsuta bahili na kitabu chenyewe kimempiga hasara. Nilivyosoma hivyo nilinyamaza kimya, na mimi kuna jamaa wanakopi simulizi zangu wanaweka majina yao.

Bandarini

Mimi niko Mombasa, nimesoma wote mpaka hapa. Mchumi umemtaja Ruskin kwa ubaya wake wa Jamaica na ni haki yake, lakini huyu mtu ana upande mwingine. Mwaka 1860 aliandika insha za kuupinga uchumi wa wakati ule kwenye jarida la Cornhill, akisema utajiri ni uhai, hakuna mwingine, na taifa tajiri ni lile lenye watu wengi wenye afya na furaha. Wasomaji walichachamaa mpaka mhariri, ambaye alikuwa Thackeray mwenyewe mwandishi wa riwaya, akazikata baada ya insha nne. Kitabu kikatoka 1862, Unto This Last. Sasa mwaka 1904 wakili mmoja Mhindi anapanda treni Johannesburg kwenda Durban, rafiki anampa hicho kitabu cha kusoma njiani, hakulala. Mwaka huo huo akaanzisha shamba la Phoenix ambako kila mtu analima na ujira ni sawa. Ni Gandhi huyo. Baadaye akakiweka kwa Kigujarati.

Hapa kwetu nawaza kitu kingine. Sisi riwaya za enzi za Victoria tulizotafsiriwa Kiswahili wakati wa ukoloni, babu yangu alikuwa nazo mbili, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Angalieni majina tu. Almasi na sanduku la dhahabu. Zile za mgomo wa kiwandani, za benki kufa, za mtoto wa sarakasi anauliza hela anazo nani, hizo hatukuletewa. Sijui nani alichagua, natafakari tu.

Mwalimu wa Zamu

Bandarini hiyo nitaiba niipeleke darasani, nakuomba radhi mapema.

Mhasibu Mstaafu Kijana

Nimerudi wakuu. Nimemsomea mke wangu uzi wote, hiyo ya Morant Bay ilimkata maini akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema kundi zamu ijayo lisome Cranford. Yule rafiki yangu nilimtumia sura ya 9 peke yake, kurasa zenyewe chache, hakujibu siku mbili. Jana ndo kaniandikia, swali la pauni milioni 50 ameliweka kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza bila kuwaambia limetoka wapi, na hajaamua bado alama ampe nani.

Kambi Popote

Cranford inapatikana wapi wadau, mimi sina hela ya Mudie.

Mama Hazina

Iko bure mtandaoni mwanangu, vitabu vya zamani hivyo haki zake zilishaisha. Tafuta jina lake tu. Ukifika pale kwenye shali ya mkulima uje useme.